NANI MWENYE KOSA, MPANDA BAISIKELI AU DEREVA?

Muhula uliopita chama chetu cha mjadala kilijadili jambo hili: "Wapanda baisikeli huleta ajali nyingi barabarani kuliko madereva." Mimi nilikuwa miongoni mwa wapingaji, nasi tulishinda kwa kura nyingi. Lakini sikuufurahia sana ushindi ule, kwa sababu wengi waliotupigia kura ni watoto wa watu wenye baisikeli, na watoto wa madereva katika shule yetu ni wachache. Kura si ushahidi. Kwa hiyo nimelichunguza jambo hili upya, nami nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyapata, pamoja na jambo moja lililonipata mimi mwenyewe, ambalo siku ya mjadala sikulitaja.

Kwanza tuitazame barabara yetu. Msomaji asiyeijua Hima na ajue kwamba mji wetu uko chini ya milima ya Rwenzori, katika barabara kuu itokayo Fort Portal kwenda Kasese. Na kutoka Kasese njia yaendelea mpaka Bwera na Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Kiwanda cha simenti kilianza kazi hapa mwaka 1970. Reli ya kutoka Kampala ilikuwa imefika Kasese tangu mwaka 1956, ikijengwa hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na katika siku hizo mizigo mingi mizito ilipita juu ya chuma. Treni zilipokoma kuja, mwishoni mwa miaka ya 1990, mizigo ikaiangukia lami. Basi katika njia hiyo hiyo moja hupita malori ya simenti, malori yaendayo Kongo, mabasi, teksi, pikipiki, mbuzi, watoto wa shule, na baisikeli.

Baisikeli ya kwetu si chombo cha matembezi. Ni punda wa nyumba. Hubeba mikungu ya matoke mitatu au minne, magunia ya mkaa, mitungi ya maji, kahawa, mbao, na pengine mgonjwa. Mzigo ukizidi, mwenye baisikeli hapandi tena, bali huisukuma kwa kushika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, na upana wake huwa karibu sawa na wa motokaa ndogo. Watu wengi wakisikia neno boda boda hufikiri pikipiki tu. Kumbe neno lenyewe lilizaliwa kwa baisikeli, huko Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipokuwa wakiwachukua abiria kwenye keria kutoka mpaka mmoja hata wa pili. Tena nimesoma kwamba huko Uingereza waliodai kwanza barabara nzuri hawakuwa wenye motokaa. Chama cha kuomba barabara zitengenezwe kiliundwa na vyama vya wapanda baisikeli mwaka 1886, kabla motokaa haijaonekana katika nchi ile. Nayataja haya kwa sababu dereva mmoja aliwahi kunipigia kelele kwamba barabara si ya baisikeli.

Sasa tuyasikilize maneno ya madereva, maana siku ya mjadala hatukuyasikiliza vema. Mjadala ulipokwisha, dereva wa lori la shule yetu, mzee aliyeanza kuendesha kabla mimi sijazaliwa, aliniita akaniambia, "Kijana, umesema vizuri, lakini hujapata kukaa ninapokaa mimi." Jumamosi akanipandisha katika kiti chake, lori likiwa limesimama uwanjani, kisha akamwambia mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu alizunguke lori polepole kwa baisikeli. Alipokuwa mbele, umbali wa hatua kumi, nilimwona vizuri. Aliposogea karibu na bampa akapotea kabisa, nami nikainuka kitini ili nimtafute. Alipopita ubavuni, upande wa kushoto, nilimwona ndani ya kioo kwa kitambo kidogo, kisha akapotea tena, ingawa nilisikia kengele yake. Nyuma ya lori sikumwona hata kidogo.

"Wewe waliona lori," mzee akasema, "ukadhani lori nalo lakuona."

Akaendelea kunihesabia makosa yetu, nami sikuwa na la kujibu. Wapanda baisikeli wengi hawana taa wala kioo chekundu cha nyuma. Wengine hawana breki, bali huweka mguu juu ya gurudumu kama breki, na katika mteremko wenye mzigo mguu haufai kitu. (Wenzetu wa Goma wana chukudu, baisikeli za mbao zisizo na pedali, na breki yake ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, lakini hata hicho huzidi kisigino.) Wengine huingia barabarani kutoka njia ya shamba bila kugeuza shingo. Wengine huvaa visikizio vya simu masikioni. Na vijana, nami nimo, hupenda kushika nyuma ya lori linapopanda mlima ili livute baisikeli. Mzee alisema kwamba jambo hilo ndilo linalomwondolea usingizi, kwa sababu lori likirudi nyuma kidogo tu wakati wa kubadili gia, yeye hatajua kitu.

Hata hivyo mpanda baisikeli naye ana mashtaka yake, na mashtaka hayo si ya uongo. Dereva akitaka kulipita gari jingine huja upande wetu kana kwamba hakuna mtu. Hapunguzi mwendo, hupiga honi tu, na maana ya honi ile ni kwamba wewe utoke. Utoke uende wapi? Mahali pengi ukingo wa lami umeliwa na mvua, na udongo wa pembeni uko chini kuliko lami kwa kimo cha kiganja au zaidi. Mtu mwenye mikungu minne ya matoke akishuka ghafla mahali kama hapo, mzigo humwangusha, na aghalabu huangukia upande wa barabara, si upande wa majani. Wakati wa usiku dereva huwasha taa kali usoni mwako, nawe huioni njia wala shimo. Tena lori kubwa likipita karibu huja na upepo wake: kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Mtu wa ndani ya lori hajui habari ya upepo huo, kwa sababu yeye hajaukutana nao kamwe.

Mpaka hapa mtu angeweza kusema kwamba pande mbili zimekuwa sawa, kila mmoja na makosa yake. Mimi pia nilitaka kuishia hapo. Lakini nilipofanya hesabu niliona kwamba makosa yaweza kuwa sawa, lakini madhara hayawi sawa.

Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza huonyesha masafa ambayo motokaa ndogo huhitaji mpaka isimame, lami ikiwa kavu. Ikienda kilomita 48 kwa saa, yahitaji mita 23. Ikienda kilomita 64, mita 36. Ikienda kilomita 80, mita 53. Ikienda kilomita 96, mita 73. Tazama namba ya kwanza na ya mwisho: mwendo umeongezeka mara mbili, lakini masafa yameongezeka zaidi ya mara tatu. Sababu yake wanafunzi wa fizikia waijua. Kabla dereva hajakanyaga breki, gari husafiri bure huku yeye akitambua anachokiona. Masafa hayo huongezeka sawasawa na mwendo. Baada ya kukanyaga breki, nishati ya gari ndiyo inayotakiwa kumalizwa, na nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati huwa mara nne.

Sasa tuchukue lori lenye uzito wa tani 40 likienda kilomita 60 kwa saa. Hilo si lori la kubuni, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu malori makubwa kabisa kufika tani 56. Tuchukue na mtu, baisikeli na mzigo wake, jumla kilo 150, wakienda kilomita 15 kwa saa. Uzito wa lori ni karibu mara 267 wa baisikeli. Mwendo wake ni mara nne, na kipeo cha pili cha nne ni kumi na sita. Zidisha, utapata kwamba nishati ya lori ni zaidi ya mara elfu nne ya nishati ya baisikeli. Mpanda baisikeli akikosa, aghalabu hujiua mwenyewe. Dereva akikosa, humwua mwingine. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki.

Je, sheria yasemaje watu wawili wakikosa pamoja? Hapa nilisaidiwa na mwalimu wetu wa historia, aliyeniazima kitabu chenye habari za kesi za zamani. Kesi za Kiingereza zatuhusu, kwa sababu amri ya mwaka 1902 iliiingiza sheria ya Uingereza katika mahakama za Uganda.

Mwaka 1809, katika mji wa Derby, mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza nyumba yake aliweka mti mrefu kukata sehemu ya njia. Jioni saa mbili, mwezi wa Agosti, watu wakianza kuwasha mishumaa, akaja mpanda farasi mbio sana, akaupiga mti ule, akaanguka na kuumia. Akamshtaki mwenye mti. Shahidi akasema kwamba mwanga ulikuwa bado watosha, na mtu asiyekwenda mbio angeweza kuuona mti kutoka mbali. Mpanda farasi akashindwa, hakupata hata senti moja. Mwenye mti alikuwa na kosa, naam. Lakini mshtaki naye alikuwa nalo, na kwa sheria ya siku zile kosa lako dogo lilifuta haki yako yote.

Mwaka 1842 ikaja kesi ya punda. Mtu mmoja alimfunga punda wake miguu ya mbele akamwacha ale majani kando ya barabara kuu, jambo lisilofaa. Gari la farasi watatu likateremka kwa mwendo wa haraka, na mchungaji wake alikuwa nyuma, mbali kidogo na farasi. Punda akakanyagwa, akafa. Mwenye gari akasema, "Punda hakupaswa kuwapo." Majaji wakamjibu kwamba hata kama punda hakupaswa kuwapo, yeye alipaswa kwenda kwa mwendo ambao ungemwezesha kujizuia asimdhuru. Mwenye punda akalipwa. Kesi hii naipenda kuliko zote, maana madereva wetu husema hivyo hivyo: baisikeli haikupaswa kuwapo.

Lakini hukumu zote mbili zina upungufu, kwa kuwa mmoja hupata yote na mwenziwe hukosa yote. Mwaka 1945 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuligawa kosa: ikiwa aliyeumia amechangia kwa sehemu moja katika nne, malipo yake yapunguzwe kwa robo, wala yasifutwe. Mahakama zetu nazo sasa hugawa kosa kwa njia hiyo. Waholanzi wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na katika hao zaidi ya 400 walikuwa watoto, na wazazi wakatoka njiani kudai watoto wao wasiuawe. Siku hizi kwao mwenye motokaa akimgonga mpanda baisikeli mtu mzima, hata kama mpanda baisikeli amekosa, mwenye motokaa hulipa walau nusu, isipokuwa athibitishe kwamba haikuwezekana kabisa kujizuia. Akimgonga mtoto wa chini ya miaka 14, hulipa yote. Husema kwamba aletaye hatari kubwa njiani na achukue mzigo mkubwa. Naona hukumu hiyo ni ya haki, wala haimwondolei mpanda baisikeli fungu lake.

Sasa nitaeleza lile nililolificha. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilitoka sokoni pamoja na baba mdogo kwa baisikeli yake. Yeye aliendesha, mimi nilikaa juu ya keria nikitazama nyuma, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi iwake ili magari yatuone. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hutua karibu saa moja ya jioni mwaka mzima, na baada ya dakika ishirini hivi ni giza. Hatuna jioni ndefu kama ile ya mpanda farasi wa Derby. Nilikuwa na desturi ya kusoma kitandani kwa tochi ile ile, na betri zilikuwa karibu kwisha. Basi njia ilipokuwa kimya niliizima. Nilijiambia kwamba nikisikia mashine nitaiwasha. Gari likaja, motokaa ndogo ya mizigo, nami nikabonyeza, na tochi haikuwaka mara ya kwanza.

Mimi nilitupwa majanini, sikuumia sana. Baba mdogo alivunjika mguu. Dereva alisimama, jambo ambalo wengi hawalifanyi, akatupeleka hospitalini katika gari lile lile. Alikuwa mgeni, akisema Kiswahili. Baada ya siku chache wazee walikaa mbele ya mwenyekiti wa kijiji ili waamue. Dereva akasema, "Wazee wangu, kweli nilikuwa nakwenda mbio. Lakini sikuona taa." Baba mdogo akasema, "Taa ilikuwapo. Mtoto alikuwa ameishika." Mzee mmoja akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, tochi ilikuwa ikiwaka?" Nikasema, "Ndiyo, babu." Dereva akanitazama, hakusema neno tena. Akalipa gharama zote za hospitali na za baisikeli.

Likizo iliyopita, baada ya kusoma habari za kesi hizi, nilimwendea baba mdogo nikamwambia ukweli. Alikuwa akichambua maharagwe. Akasema, "Nalijua tangu siku ile. Tochi ikiwaka, huona mwanga wake juu ya lami pembeni yangu. Haukuwapo." Nikamwuliza kwa nini basi alisema vile mbele ya wazee. Akanijibu kwamba mguu ulikuwa wake, na fedha za hospitali hakuwa nazo.

Nimejaribu kuligawa kosa lile kama jaji. Dereva alikwenda mbio wakati wa giza, na gari lake ndilo lililokuwa na nguvu ya kuvunja mfupa. Fungu kubwa ni lake, nami silipunguzi. Baba mdogo hakuwa na kioo chekundu nyuma ya madigadi, akamtegemea mtoto. Hilo ni fungu lake. Mimi nilizima tochi. Lakini lile la mwisho, la kusema kwamba ilikuwa ikiwaka, halimo katika hesabu ya ajali. Dereva alilipa fungu langu na la baba mdogo juu ya lake, na jina lake silijui hata leo.

Mwisho, nawaletea wasomaji jaribio tulilolifanya na yule mzee dereva wa shule, nanyi mwaweza kulifanya, mradi lisiwe katika barabara kuu. Saa mbili usiku tuliliweka lori mwanzo wa njia ya shule, taa zake zikiwa za chini. Mwanafunzi mmoja aliyevaa koti jeusi akaisukuma baisikeli isiyo na kioo akienda mbali nasi, nasi tukatazama mpaka alipopotea. Tukapima kwa kamba: mita 27. Kisha tukafunga kioo chekundu kilichonunuliwa Kasese, tukarudia. Njia ya shule ikaisha, mita 140, na kioo bado kilikuwa kikionekana kama kaa la moto.

Rudini sasa kwenye zile namba za kusimama. Katika mita 27, motokaa iendayo kilomita 48 husimama ikiwa imebakiza mita nne. Iendayo kilomita 64 haisimami. Katika mita 140, hata ile ya kilomita 96 husimama na nafasi kubwa hubaki, ikiwa dereva yu macho. Mzee dereva alizitazama namba hizo katika daftari langu muda mrefu, kisha akaniuliza kioo kile kilinunuliwa duka gani.

Kile cha kwanza sasa kiko nyuma ya baisikeli ya baba mdogo.